Majaribio kumi, mawili tu yaliyoonekana: kisa cha Tamiflu na fomu ya upendeleo

Julai 2009, mwezi mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza homa ya H1N1 kuwa janga la dunia, daktari wa watoto wa Japani aitwaye Keiji Hayashi aliandika maoni chini ya mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu dawa za homa ya mafua. Hoja yake ilikuwa fupi. Mnasema Tamiflu inapunguza nimonia na matatizo mengine ya mapafu. Hilo mmelitoa kwenye makala moja ya mwaka 2003. Makala hiyo imejumlisha majaribio kumi, na yaliyochapishwa ni mawili tu. Je, yale manane mmeyaona?

Hawakuwa wameyaona.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha kampuni iliyokalia takwimu, na hilo limo. Lakini kwa sisi tunaojaza majedwali ya hatari ya upendeleo wiki nenda wiki rudi, yaani fomu za kupima kama namna jaribio lilivyofanywa ingeweza kulivuta jibu lake upande mmoja, kuna jambo linalotugusa karibu zaidi. Tom Jefferson na wenzake waliofanya yale mapitio hawakuwa wazembe. Walitafuta tafiti, walizichuja, walizipima kwa vigezo vya wakati wao. Utaratibu ulifuatwa, na bado dai kubwa kuliko yote ndani ya mapitio lilisimama juu ya kitu ambacho hakuna mpimaji aliyewahi kukigusa. Ninachotaka kukichambua hapa ni namna dai hilo lilivyopenya.

Kwanza tuitazame ile makala ya 2003. Iliandikwa na Laurent Kaiser na wenzake watano kwenye jarida la Archives of Internal Medicine, na wanne kati ya waandishi hao sita walikuwa waajiriwa wa Roche, kampuni ya Uswisi inayotengeneza dawa hiyo. Washiriki walikuwa 3,564. Kati ya wale waliothibitika kuwa na virusi vya homa ya mafua, waliolazwa hospitalini kwa sababu yoyote ile walikuwa 18 kati ya 1,063 waliopewa plasebo, yaani kapsuli isiyo na dawa inayopimwa, na 9 kati ya 1,350 waliopewa oseltamivir, ambalo ndilo jina la kitaalamu la Tamiflu. Makala iliutaja huo kuwa upungufu wa asilimia 59. Matatizo ya mapafu yaliyomfanya mgonjwa apewe antibayotiki yalipungua kwa asilimia 55.

Asilimia 59 ni tarakimu inayotembea haraka. Inaingia kwenye kichwa cha habari, kwenye slaidi, kwenye barua kwa waziri. Watu 27, yaani 18 na 9, hawatembei hivyo. Ukiwakosea watatu au wanne katika kundi dogo namna hiyo, asilimia yako inayumba vibaya. Hilo ni suala la uhaba wa matukio, na ni tofauti na upendeleo. Nalitaja mapema kwa sababu huko mbele mambo haya mawili yatachanganywa na watu wazima kabisa.

Kuna jambo jingine lililopaswa kuwashtua wengi mapema. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliyoidhinisha Tamiflu mwaka 1999, haikukubali dai la kuzuia matatizo. Maelezo rasmi ya dawa yalisema haijaonyeshwa kuwa inazuia matatizo ya bakteria yanayofuata homa ya mafua. FDA ilikuwa imesoma mafaili. Wasomaji wa majarida walikuwa wamesoma makala. Pande mbili zilitazama dawa moja zikasema mambo yasiyopatana, na serikali zikaendelea kujaza maghala. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu ya Uingereza iliripoti mwaka 2013 kwamba nchi hiyo ilikuwa imetumia pauni milioni 424 kuweka akiba ya Tamiflu.

Sasa turudi kwenye fomu.

Zamani ubora wa jaribio ulipimwa kwa alama, kama mtihani. Kipimo cha Jadad cha mwaka 1996 kilitoa alama kuanzia 0 hadi 5: je, washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu, je, walifichwa wasijue wanameza nini, je, waliojitoa wametajwa. Mwaka 1999 Peter Jüni na wenzake walichukua vipimo 25 vya namna hiyo wakavitumia kwa majaribio yale yale 17 ya dawa za kuzuia damu kuganda. Kipimo kimoja kilionyesha kwamba majaribio bora hayaoni tofauti kati ya dawa. Kingine kikaonyesha kinyume chake. Yaani hitimisho lilitegemea umeshika rula ipi. Ndiyo maana Cochrane, kwenye chombo chake cha mwaka 2008, iliachana na jumla ya alama ikaweka maeneo yanayoamuliwa moja moja: mgao ulipangwaje, ulifichwaje, nani alijua nini, data zilizokosekana zilikwenda wapi, matokeo gani yameripotiwa na gani yamemezwa. Kila eneo hupata hukumu: hatari ndogo, hatari kubwa, au haijulikani. Toleo la pili la mwaka 2019 lina maeneo matano na limeondoa lile neno "haijulikani". Mahali pake sasa ni "kuna wasiwasi kiasi". Mimi binafsi nalikumbuka neno la zamani. Lilikuwa linakiri waziwazi kwamba mpimaji hajui.

Mabadiliko hayo yalihamisha swali kutoka ubora kwenda upendeleo. Jaribio linaweza kuwa na kibali cha maadili, hesabu safi ya ukubwa wa sampuli na makala iliyoandikwa kwa ufasaha, na bado jibu lake likaegemea upande mmoja. Lakini alama au maeneo, fomu zote hizi zina sharti moja la kimyakimya: lazima uwe na jaribio mbele yako. Safu moja ya jedwali, jaribio moja. Makala ya Kaiser haikuwa jaribio. Ilikuwa muhtasari wa majaribio kumi, na manane kati yake hayakuwa na safu popote, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kusoma. Kwa hiyo yaliingia kwenye mapitio yakiwa yamebebwa mgongoni mwa makala iliyopita kwenye jarida lenye heshima. Moja kati ya hayo, lililojulikana kwa namba M76001, lilikuwa na watu wazima zaidi ya 1,400. Lilikuwa jaribio kubwa kuliko yote ya tiba, na halikuwahi kuchapishwa.

Hapo ndipo fomu iliponyamaza. Safu ambayo haipo haiwezi kuandikwa "hatari kubwa".

Baada ya maoni ya Hayashi, Jefferson alimwandikia Kaiser kuomba data. Jibu likawa kwamba mafaili hayo hana tena, aulizwe Roche. Roche wakataka kwanza usainiwe mkataba wa kutunza siri, na moja ya masharti yake lilikataza hata kutaja kwamba mkataba huo upo. Timu ikakataa. Baadaye kampuni ilituma sehemu ya kwanza tu ya ripoti za majaribio yale kumi. Desemba 2009 jarida la BMJ lilichapisha mapitio mapya ambayo yaliiacha nje makala ya Kaiser, na dai la kupunguza matatizo likaondoka nayo.

Tangu hapo hadi Aprili 2014 kuna miaka ya barua. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilianza kutoa sehemu ya ripoti mwaka 2011, na Roche ikatoa ripoti kamili mwaka 2013. Sitakaa sana kwenye mabishano hayo. Kilichonivutia kila mara ni kile kilichokutwa ndani ya maboksi yalipofunguliwa, kwa sababu hapo ndipo unaona fomu ya upendeleo inavyofanya kazi ikipewa chakula cha kutosha. Makala ya jarida huwa na kama kurasa kumi. Ripoti kamili ya jaribio moja, pamoja na itifaki, fomu tupu za kukusanyia data, vyeti vya dawa na orodha za wagonjwa, hufika maelfu ya kurasa.

Chukua suala la kuwaficha washiriki. Kwenye makala utasoma kwamba jaribio lilikuwa la upofu wa pande mbili, yaani si mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Mpimaji anaweka tiki, hatari ndogo, anaendelea. Kwenye vyeti vya dawa ndani ya ripoti, baadhi ya majaribio yanaonekana kuwa na kapsuli za plasebo ambazo kofia yake haikuwa na rangi sawa na ya kapsuli za dawa. Rangi ya kofia tu. Mtu anayepewa kapsuli zake peke yake nyumbani huenda asijue lolote, maana hana cha kulinganisha. Muuguzi anayegawa pakiti siku nzima anaweza kujua ndani ya saa moja. Je, hilo liliharibu matokeo? Fomu haikuulizi hivyo. Inakuuliza kama mlango ulikuwa wazi.

Na mlango huo ulielekea wapi? Kipimo kikuu cha majaribio haya kilikuwa muda wa kupata nafuu, na nafuu yenyewe ilitoka kwenye shajara ya mgonjwa. Asubuhi na jioni alijipima mwenyewe dalili saba: pua kuziba, koo kuuma, kikohozi, maumivu ya mwili, uchovu, kichwa kuuma, kutetemeka au kutoka jasho. Alihesabiwa kupona pale dalili zote zilipokuwa hazipo au hafifu kwa muda wa siku nzima. Mtu anayeamini kwamba amepewa dawa yenyewe anaweza kuandika "hafifu" nusu siku kabla ya jirani yake, na faida nzima inayobishaniwa hapa haifiki hata siku moja. Kama kipimo kingekuwa kifo, rangi ya kofia isingenisumbua hata kidogo. Ndiyo maana hatari ya upendeleo hupimwa kwa kila matokeo peke yake. Ukipiga muhuri mmoja juu ya jaribio zima, unapoteza nusu ya ulichokijua.

Halafu kuna kilichokuwa ndani ya kapsuli. Katika baadhi ya majaribio, nyaraka zilionyesha kwamba plasebo ilikuwa na asidi ya dehidrokoliki, kemikali inayohusiana na nyongo na inayoweza kuvuruga tumbo. Tuseme kweli ilivuruga matumbo ya watu wa plasebo: hapo kichefuchefu cha Tamiflu kitaonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa sababu unakilinganisha na kundi ambalo nalo linaumwa tumbo. Upendeleo huu unapendelea dawa kwenye madhara, wala hauhusiani na muda wa kupona. Wanafunzi wengi hujifunza kutaja kwamba kuna upendeleo. Wachache hujifunza kuandika unavuta upande gani na kwenye kipimo kipi. Bila hiyo sentensi ya pili, jedwali la rangi nyekundu, njano na kijani ni pambo.

Nimonia nayo ina hadithi yake. Kwenye mengi ya majaribio nimonia haikuthibitishwa kwa picha ya eksirei. Mgonjwa alisema, ikaandikwa. Kwa namna hiyo nimonia ilionekana kupungua kwa watu waliomeza dawa. Lakini majaribio matano yalikuwa na fomu ndefu zaidi, iliyomtaka daktari aeleze utambuzi wake kwa undani, na kwenye hayo matano tofauti ya maana haikuonekana. Hilo halionekani kwenye makala ya jarida hata ukiisoma mara kumi, kwa kuwa majarida hayachapishi fomu tupu.

Lililobaki ndilo gumu kuliko yote, na nakiri mwenyewe ilinichukua muda kulielewa. Kaiser alihesabu wale tu "waliothibitika kuwa na virusi". Inasikika kama busara: dawa ya virusi vya homa ya mafua itamsaidiaje asiyekuwa navyo? Tatizo ni kwamba uthibitisho ulitegemea kwa sehemu kupanda kwa kingamwili kwenye damu wiki kadhaa baadaye, baada ya dawa kumezwa. Timu ya Cochrane ilikuta kwamba watu wa kundi la oseltamivir walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuhesabiwa kuwa wameugua homa ya mafua kuliko watu wa plasebo. Kama mgao ulikuwa wa bahati nasibu, makundi yalianza sawa. Kwa hiyo ama ni bahati, ama dawa yenyewe inagusa mwitikio wa kingamwili. Ikiwa ni hilo la pili, umewachagua watu wako kwa kichujio kilichoguswa na dawa unayoipima. Usawa ulioupata kwa kura siku ya kwanza umeuvunja kwa mkono wako siku ya ishirini na moja, na unalinganisha makundi ambayo hayalingani tena.

Mwaka 2014 Jefferson na wenzake walichapisha ulinganisho ambao ningependa kila anayeanza kazi hii auone. Walipima hatari ya upendeleo ya majaribio ya oseltamivir mara mbili: kwanza kwa kutumia ile sehemu ya kwanza ya ripoti, kisha kwa ripoti kamili. Hukumu 62 zilikuwa zimeandikwa "hatari ndogo" mwanzoni. Ripoti kamili zilipofika, 34 kati yake zikageuka "hatari kubwa". Zile za "haijulikani" zilikuwa 42, na 28 zikageuka "hatari kubwa". Majaribio yalikuwa yale yale na wapimaji walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni urefu wa karatasi.

Kwa hiyo tunapoandika "hatari ndogo" huwa tumepima nini? Mara nyingi tumepima ufasaha wa mwandishi. Mwandishi anayejua maneno ambayo mpimaji anayatafuta huyaandika, na tiki inakuja.

Matokeo ya 2014 yenyewe naweza kuyapitisha haraka. Yalitumia majaribio 46, kati yake 20 ya oseltamivir yenye washiriki 9,623, na yaliyobaki ya zanamivir, dawa nyingine ya homa ya mafua. Kwa watu wazima, oseltamivir ilipunguza muda wa kupata nafuu ya kwanza kutoka siku 7 hadi 6.3, sawa na saa 16.8. Kulazwa hospitalini hakukubadilika kwa kiasi cha kuonekana. Kichefuchefu na kutapika viliongezeka: katika kila watu 28 waliotibiwa, mmoja zaidi alipata kichefuchefu, na katika kila 22, mmoja zaidi alitapika. Ilipotumika kama kinga, dawa ilipunguza homa ya mafua yenye dalili.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwapa Cochrane ushindi. Mwaka unaofuata ulileta uchambuzi mwingine, wa Joanna Dobson na wenzake kwenye The Lancet, uliofanywa chini ya kikundi kilichopata fedha kutoka Roche na uliotumia data za mgonjwa mmoja mmoja kutoka majaribio tisa. Wao waliripoti kwamba wenye virusi walipona saa 25.2 mapema, na kulazwa kulikuwa asilimia 0.6 dhidi ya 1.7. Waliokuwa na upande wakashangilia, kila mmoja kwa makala yake.

Soma majedwali polepole. Dobson alipohesabu watu wote waliogawanywa, bila kuwachuja kwa uthibitisho wa virusi, alipata saa 17.8. Cochrane walipata 16.8. Timu mbili zilizokuwa zikirushiana maneno hadharani zilitofautiana kwa saa moja pale zilipojibu swali moja. Tofauti iliyobaki kwenye muda wa kupona karibu yote inatoka kwenye kile kichujio cha kingamwili. Fedha za Roche ni sababu ya kusoma kwa makini, lakini hazikubadilisha hesabu hiyo, na anayeitupa makala ya Dobson kwa sababu ya mfadhili tu amefanya kosa lile lile la kuamini makala ya Kaiser kwa sababu ya jarida. Mfadhili haingii kwenye fomu kama eneo la upendeleo, na nadhani hivyo ni sawa. Anakuambia utafute wapi. Hakuambii utakuta nini.

Waliowakosoa Cochrane nao walikuwa na hoja moja ninayoikubali. Majaribio haya yaliwachukua zaidi watu wenye afya nzuri, ambao hawalazwi mara nyingi hata wakipewa plasebo. Kutoona tofauti kwa watu kama hao hakuthibitishi kwamba haipo kwa mzee mwenye ugonjwa wa mapafu. Hapo tatizo ni uhaba wa matukio na aina ya watu waliochaguliwa, na mapitio yanapaswa kuyashusha daraja kwa jina hilo, kwenye sehemu ya uhakika wa ushahidi. Kuyapakia yote kwenye kapu la "upendeleo" ni uvivu, na baadhi ya maandiko yaliyofuata, ya pande zote mbili, yalifanya hivyo.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliihamisha oseltamivir kutoka orodha kuu ya dawa muhimu hadi orodha ya nyongeza. Mwaka 2023 mapitio mengine, ya majaribio 15 yenye watu 6,295 wasiokuwa wamelazwa, yalirudia swali la hospitali. Uwiano wa hatari, ambapo 1 ni kutokuwa na tofauti, ulikuwa 0.77, na mipaka ya uhakika ilianzia 0.47 hadi 1.27. Ndani ya mipaka hiyo mna dawa inayopunguza kulazwa kwa nusu, na mna dawa inayoongeza kulazwa kwa robo, na lile jibu la asilimia 59 la mwaka 2003 limebaki nje kidogo ya ukingo.